Kumshika Mkono Mwimbaji

Kazi yangu ni kuwafanya watu wasiojua kuimba waamini kwamba wanajua. Nimeifanya miaka kumi na mmoja, kila Jumapili usiku, katika klabu iliyo chini ya ghala la magodoro, mahali ambapo dari iko karibu na kichwa na jasho la watu hupanda juu likarudi kwa matone. Jumapili ni siku ya karaoke ya roki. Siku nyingine watu huja kustarehe, Jumapili huja kupiga kelele. Kuna mhasibu wa bima ambaye siku za kazi hazungumzi mpaka aulizwe. Kwetu hufunga tai kichwani na kuimba amepiga magoti. Kuna daktari wa meno aliyekwisha kuchana mashati matatu jukwaani, yote ya kwake, na mkewe amegoma kuyashona.

Siri ya kazi ni hii. Kila wimbo nilio nao una muziki peke yake, na pembeni una sauti ya mwimbaji wa studio aliyeuimba ili wengine wamfuate. Sauti hiyo huwa nimeizima. Lakini mteja akianza kuchemsha, naipandisha taratibu kwa kidole kimoja, na kwa kidole kingine naishusha maikrofoni yake. Katika kelele za watu mia mbili nani atajua? Mteja hushuka kifua mbele na kesho yake huwasimulia wenzake kazini. Sisi wa mitambo tunaita kumshika mkono. Mwenye klabu aliniambia siku ya kwanza kwamba mtu aliyeaibika harudi, nami nikalishika neno hilo mpaka vidole vikawa vinafanya vyenyewe bila kuniuliza. Mazoea yana taabu. Nilikuwa nikiusema msemo huo tangu utotoni bila kuuelewa.

Kaka yangu mkubwa hakuwahi kuhitaji kushikwa mkono. Mchana alikuwa mchomeleaji wa mageti na madirisha, na Jumapili alikuwa Radi. Jina hilo hakujipa. Walimpa wateja, kwa sababu alipofungua mdomo hata mhudumu alisimama na trei yake mkononi. Nilikuwa nikijivuna kwa ajili yake kuliko alivyojivuna mwenyewe. Lakini kuziba pua na mdomo wakati wa kuchomelea hakutaka, na moshi wa vyuma alikuwa akiuongezea wa sigara. Mimi nilisema, mkewe alisema, fundi mwenzake alisema. Sikio la kufa halisikii dawa. Sauti ilipoanza kukwaruza alidai ni mafua, nikamuuliza ni mafua gani ya miezi saba, akanikasirikia. Hospitali walikuta uvimbe mbaya kooni. Walisema wataliondoa koromeo lote, kwamba atapumulia tundu la shingoni, na sauti yake ile hatakuwa nayo tena. Wakapanga Jumatatu, afike saa kumi na mbili asubuhi.

Alhamisi kabla ya hapo shemeji alikuja nyumbani kwangu na mtoto begani. Mabinti zao wawili ni wakubwa, sauti ya baba yao wanaijua mpaka wanaikimbia. Huyu kitinda mimba alikuja wakati hakuna aliyemtarajia, na alikuwa na miezi minne. Shemeji alinieleza kwamba alijaribu kumrekodi mumewe kwa simu wakati wa chakula, akamnyang'anya, akasema hajafa hata aanze kuachishwa wosia mezani. Tangu siku hiyo alikuwa hazungumzi nyumbani ila kwa ishara. Alikuwa anaitunza sauti iliyobaki kwa ajili ya Jumapili.

"Shemeji, mimi wimbo siutaki," aliniambia. "Nataka sauti yake. Huyu akikua akaniuliza baba alikuwa na sauti gani, niwe na kitu cha kumsikilizisha."

Nilimwambia aniachie mimi. Nilisema hivyo huku nikimtekenya mtoto kidevuni, kama mtu aliyeombwa kubadilisha balbu.

Na nilijiandaa, asije mtu akasema sikujiandaa. Simu niliikataa kabisa. Niliona itazoa vigelegele na vicheko na mvunjiko wa glasi, na sauti ya kaka itazama humo. Nikaunganisha kompyuta na mitambo moja kwa moja, ili kinachokwenda kwenye spika ndicho kihifadhiwe, safi, bila kelele za watu. Nilijiona mjanja sana. Simu ya bei rahisi kuliko zote, ikiwekwa mezani kwa walevi, ingefanya kazi bora kuliko yangu.

Usiku ule klabu ilifurika. Habari zilikuwa zimeenea, na hata wale waliohama mtaa walirudi. Watu walisimama juu ya viti, wengine juu ya kaunta, na mlinzi wa mlangoni aliacha mlango akaja kuangalia. Mhasibu alifungua, akaimba mpaka tai ikamfunika macho. Daktari wa meno alipoteza shati la nne. Wanawake watatu wa kiwanda cha sabuni walipokezana wimbo mmoja mara mbili mfululizo na hakuna aliyewazuia. Sakafu ilikuwa inatetemeka hadi kwenye miguu ya meza yangu. Mimi nilikuwa nacheka kwa mdomo tu.

Kaka alikaa kwenye kona na koti lake la ngozi, ambalo sasa lilimpwaya mabegani. Hakusalimia mtu kwa neno. Nilipotangaza jina lake ukumbi ulilipuka, akapanda jukwaani kama anapanda ngazi ya kazini, bila haraka. Alichagua wimbo mgumu kuliko zote alizozoea. Magitaa yakaingia, ngoma zikaingia, akafungua mdomo.

Ilitoka sauti ya sufuria inayokwanguliwa ukoko. Neno moja hivi, na nusu ya la pili. Wasichana wawili wa mstari wa mbele, ambao hawakumjua, walitazamana wakacheka. Mimi niliona kicheko kile kabla ya kusikia chochote, na mkono wangu ukaenda. Sikuamua. Sauti ya studio ilipanda, maikrofoni ya kaka nikaishusha mpaka chini kabisa, na ukumbi mzima ukashusha pumzi. Radi amerudi, watu walipiga mayowe. Wale wasichana wakaacha kucheka wakaanza kuruka.

Aliimba wimbo mzima. Mishipa ya shingo ilimsimama, jasho likamtiririka puani, akainama mpaka magoti yakagusana. Katikati, magitaa yalipokuwa peke yake, aligeuka akanitazama kwa muda mrefu. Nilidhani ananishukuru. Nikamnyooshea dole gumba. Akageukia watu tena, akaendelea, na kwa macho yangu niliona anatumia nguvu kuliko mwanzo. Mhasibu alikuwa analia bila kujificha. Mimi pia nililia, na nilifurahi, Mungu anisamehe, kwamba ndugu yangu ameondoka jukwaani bila aibu.

Aliposhuka alinijia mezani akafungua mdomo aniambie jambo. Ulitoka upepo tu. Alijaribu mara ya pili, akaacha, akachukua koti lake. Sauti ile kidogo iliyokuwa imebaki aliimaliza pale. Asubuhi aliingia hospitali akiwa hana hata ya kumuagia mkewe.

Nilimkuta shemeji kwenye benchi la hospitali, mtoto amelala mapajani, mumewe ameshapelekwa ndani. Nilikuwa nimeiweka sauti kwenye simu yangu. Sikuwa nimeisikiliza, nilitazama tu kwamba imehifadhiwa, nikaenda kulala kwa saa mbili tu. Nilimpa hedifoni kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi zawadi. Alifumba macho. Alisikiliza mpaka mwisho, akarudisha mwanzo, akasikiliza tena. Kisha akavua.

"Shemeji, huyu ni nani?"

Nikazichukua nikavaa. Nilisikia neno moja na nusu la mkwaruzo, halafu akaingia mtu mzuri mwenye koo safi, mtu nisiyemjua, aliyelipwa mahali fulani aimbe asubuhi moja aende zake. Alikuwa hakohoi. Alikuwa hapungukiwi pumzi. Dakika zote zilizobaki zilikuwa zake. Ndipo nilipouona mkono wangu, nikauchukia. Mtu mzima, fundi wa miaka kumi na mmoja, nimeombwa kitu kimoja.

Nilimweleza shemeji yote, kuanzia vidole viwili mpaka wale wasichana. Aliniuliza kama inawezekana kuichuja, ile sauti nyingine itoke ibaki ya mumewe. Nikamwambia kilichozimwa hakikuingia, na ambacho hakikuingia hakuna wa kukitoa. Hakunitukana. Nilitamani anitukane. Alimwita muuguzi akauliza kama mgonjwa ameshaanza kufanyiwa upasuaji, muuguzi akasema yapata dakika arobaini sasa. Shemeji akamshukuru. Akamfunika mtoto vizuri, akakaa vilevile mpaka mchana, na mimi pembeni yake.

Kaka alirudishwa nyumbani baada ya wiki tatu, na kitambaa cheupe shingoni na kibao cha chaki cha mdogo wa wale mabinti wawili. Shemeji alikuwa hajamwambia. Alisema hilo si lake kulisema. Kwa hiyo jioni moja nilikwenda, nikaketi kwenye kigoda karibu na kitanda, mtoto akiwa amelala chali kati yangu na baba yake, nikamweleza kaka nilivyomzima. Nilisema nilitaka asichekwe. Nilisema hata hilo wenzangu watanisifu kwalo, lakini nimemdhulumu yeye na nimemdhulumu mtoto, na ninaomba anisamehe kama anaweza.

Alinisikiliza bila kubadilika uso. Tundu la shingoni lilitoa mlio mdogo kila alipovuta pumzi. Kisha akachukua kibao akaandika kwa muda mrefu, akiyabana maneno ili yaenee, akanigeuzia.

Kutoka jikoni shemeji aliuliza kwa sauti, "Ameandika nini?"

Hakukuwa na mwingine wa kumsomea. Nikasoma: "Nilijua. Spika ya miguuni ilikuwa inanisikilizisha mtu mwingine. Nilikugeukia, ukaninyooshea dole gumba. Nikazidi kuimba nikidhani utanirudisha."

Mtoto aliisikia sauti ikizungumza chumbani, akageuza kichwa polepole kuitafuta, akapita usoni pa baba yake, akanitazama mimi.