Kikapu cha Tarallo

Kila siku saa moja na robo asubuhi Marilena alisimama chini ya nyumba namba tisa, akapiga mluzi mara mbili na kupaza sauti, "Teremsha!" Juu, kwenye dirisha la ghorofa ya nne, bibi kizee aliyeitwa Donna Erminia alimteremsha mbwa wake kwa kikapu. Mbwa aliitwa Tarallo, kwa sababu alikuwa wa kahawia na mgongo wake ulipinda kama biskuti za jina hilo. Alishuka taratibu, miguu ya mbele juu ya ukingo wa kikapu, akiwatazama majirani mmoja mmoja. Akirudi matembezini alipandishwa pamoja na mkate, dawa ya presha na gazeti.

Marilena alikuwa na miaka ishirini na minne na shahada ya historia ya majengo. Kazi aliyoipata Napoli ilikuwa kutembeza mbwa wa watu wasioweza kushuka ngazi. Alikuwa na mbwa sita, na vichochoro vya mji wa kale, ambamo gari haliingii, alivijua kwa nyayo.

"Leo shahada yako inabweka wapi?" mama yake alimuuliza kila asubuhi wakinywa kahawa.

"Namba tisa, mama. Kisha kwa kasisi."

Mwezi wa pili Gaetano fundi viatu, wa ghorofa ya pili, aliambiwa ahame na mkewe Pupetta. Nyumba yao ikafanywa chumba cha wageni wa siku tatu tatu. Kesho yake kikapu kilifika mwisho wa kamba na kusimama hewani, juu sana ya mikono ya Marilena. Alihesabu madirisha. Nyumba namba tisa ilikuwa imeongezeka ghorofa moja.

"Imepanda," alisema Don Saverio muuza matunda, akipanga malimau yake.

"Naona."

"Ile ya kona ilipanda Krismasi. Halafu madirisha wanayapaka kijivu. Rangi gani ile, kama samaki wa juzi."

Ghorofa mpya ilikuwa imejipenyeza kati ya ya pili na ya tatu ikiwa na kila kitu isipokuwa ngazi. Ngazi za zamani zilipanda hadi ghorofa ya pili, zikakuta ukuta, zikaendelea tena juu ya ghorofa hiyo mpya. Kwa wageni palikuwa na lifti. Ufunguo wake ulikaa ndani ya kisanduku kilichotundikwa mlangoni, na kisanduku kilifunguka kwa namba waliyotumiwa kwenye simu.

Marilena alikwenda kwa Bwana Sorvillo, msimamizi wa nyumba, kumwombea Donna Erminia namba hiyo.

"Namba ni ya wageni, binti. Yeye si mgeni."

"Amekaa pale miaka hamsini na moja!"

"Ndiyo hiyo shida yake." Bwana Sorvillo alikuwa mpole, akamkaribisha peremende. "Ila mkataba unasema mbwa aguse ardhi kila siku kabla ya saa sita mchana. Siku asipogusa, nitakuja na watu wa banda la mbwa. Mambo ya usafi."

Mtaa mzima ulijua yaliyobaki. Mpwa wa Donna Erminia alikuwa amemwekea kitanda kwake, mji wa Caserta, na kwa mpwa mbwa hawaingii. Kila mwezi bibi alimjibu kwamba hawezi kumwacha Tarallo. Mbwa akichukuliwa, jibu hilo lingekwenda naye.

Siku hiyo hiyo Pupetta alirudi kutoka pembezoni mwa mji, kwa treni mbili, na kamba ya kuanikia nguo ndani ya mkoba.

"Huko kwetu mpya kuanika nje ni marufuku," alisema. "Hii imebeba nepi za watoto wanne. Kimbwa hiki hakiiwezi."

Donna Erminia aliteremsha uzi wa sufu, wakaifunga kamba kwenye uzi, akaivuta juu na kuiunga na yake. Kapi, lile gurudumu la kamba dirishani, lilikataa mafundo, akaling'oa, akawa anaipitisha kamba juu ya chuma cha dirisha. Saa tano Tarallo aligusa ardhi, akainusa kama aliyekuwa safarini.

Kisha akahama mwalimu, akaacha kamba yake. Akahama mkunga mstaafu, akaacha yake. Kila aliyehama nyumba ilipanda, na kila nyumba ilipopanda kamba ilirefuka. Kufikia mwezi wa sita Donna Erminia alikuwa ghorofa ya saba.

"Hewa ni nzuri," aliandika kwenye kikaratasi ndani ya kikapu. "Ukiita mara mbili nasikia ya pili tu, ya kwanza upepo unaichukua. Lete vitunguu."

Aliyebaki naye alikuwa fundi cherehani mjane. Kabla hajamtoa, Bwana Sorvillo alituma mtu akate kamba zote za kuanikia nguo mtaani, kwa maelezo kwamba zinaharibu picha. Nyumba ya mjane ilikuwa kubwa, ikagawanywa vyumba vitatu. Asubuhi nyumba ilikuwa imepanda ghorofa tatu kwa mpigo, na mlangoni palikuwa na visanduku vitatu vipya.

Tarallo alining'inia juu mno, akatazama chini, akakaa. Saa nne Bwana Sorvillo alifika na mtu wa banda aliyebeba kizimba. Akavuta kiti cha Don Saverio, akaketi na kutazama saa yake.

"Usinitazame hivyo, binti. Sikuijenga mimi. Imejijenga."

Marilena alichuchumaa. Mbwa wake watano walikuwa wameketi miguuni pake. Aliwafungua mikanda mmoja mmoja, wa kasisi, wa mama wa mapacha, wa yule bubu wa maktaba na wale wawili wa mpiga kinanda, akaiunga kwa fundo alilofundishwa na Pupetta. Mbwa hawakusogea. Uzi wa sufu ulikuwa umeshateremka na kumngoja.

Haikutosha. Tarallo alifika usawa wa dirisha la ghorofa ya kwanza.

"Don Saverio," alisema Marilena.

"Usiniangalie mimi, malimau yangu yataungua jua." Muuza matunda alikohoa, akamtazama bibi ambaye kutoka pale alikuwa kidoti cheupe, kisha akachukua kisu. "Mbwa kama yule! Hata kubweka hajui." Akakata kamba ya turubai lililokinga meza yake. Turubai likaanguka juu ya malimau, naye ndani.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika nane Tarallo alipokanyaga mawe ya kichochoro. Alitembea moja kwa moja hadi mlangoni, akainua mguu na kukojolea ukuta chini ya visanduku vya funguo, kwa muda mrefu.

"Amegusa," alisema mtu wa banda.

"Nimeona," alisema Bwana Sorvillo. Aliandika kwenye daftari, akagawa peremende, akaondoka. Barua ya kubadilisha saa sita kuwa saa tatu ilifika Ijumaa.

Sasa Marilena huja saa kumi na mbili asubuhi. Mbwa watano humfuata bila mikanda, kwa mstari uleule na nafasi ileile kama waliofungwa. Gaetano, mwalimu na mkunga huja kwa zamu na treni, kila mmoja na kipande cha kamba alichookota. Vyumba vya wageni vinazidi kugawanywa, na nyumba inazidi kupanda. Wageni hupiga picha kikapu kikishuka. Safari yake huchukua nusu saa, na siku za mawingu Tarallo hufika manyoya yakiwa yamelowa.

Jumatatu iliyopita palikuwa na kisanduku kipya mlangoni. Marilena alikitazama, akainua macho hadi pale nyumba inapopotelea, akashusha begani kamba aliyoibeba tangu kwao. Alipiga mluzi mara mbili. Akapaza sauti mara ya kwanza, kwa ajili ya upepo, na mara ya pili, kwa ajili ya Donna Erminia.