Tundu la Tatu

Fundi saa wa mtaa ule aliitwa Darubini kwa sababu ya kioo cheusi alichokibana jichoni kutwa nzima, na kama kuna watu waliokuwa wakimtoa roho, basi ni wenye saa mpya. Mwenye saa mbovu anaileta, anaiacha, anakwenda zake. Mwenye saa mpya habanduki. Huyu analalamika kwamba mshale wa sekunde haukai sawasawa juu ya mstari. Yule anasikia kitu kinazunguka ndani akitikisa mkono. Mwingine ameona mkwaruzo ambao mwenye macho mazima hauoni, na anataka abadilishiwe saa nzima.

"Saa ni ya kuvaa, si ya kuchungulia," Darubini alikuwa akimwambia mzee mmoja. "Ivae mwezi mmoja, mtazoeana."

Mzee akaondoka amenuna. Nyuma yake alisimama mwanamke mwembamba mwenye vumbi la vitambaa kwenye nyusi. Kiwandani, alikokata sare za shule, wenzake walimwita Mkasi. Alifungua leso juu ya meza, akatoa saa ya kiume yenye mkanda wa ngozi ya kahawia.

"Na hii nayo ni mpya?" Darubini akauliza, sauti imeshachoka.

"Ina miezi minne. Imevaliwa siku kumi na moja tu."

"Ina tatizo gani?"

"Inakwenda."

Darubini akakitoa kile kioo jichoni. Katika maisha yake yote ya ufundi, hakuna aliyewahi kumletea saa kwa kosa la kwenda.

"Naiweka kwenye droo," Mkasi akasema. "Haivaliwi na mtu. Mimi nilidhani itasimama."

"Ingepaswa kusimama. Hii haina betri, na wala haitiwi ufunguo. Inajijaza kwa mwendo wa mkono. Ukiivua, siku mbili tu, imekufa." Akairudisha saa chini ya taa, akaanza kuigeuza. "Tena haiendi sawa. Iko mbele saa sita kamili. Na tazama hapa ubavuni, kuna chuma kinaikwaruza. Na mkanda huu: tundu la tatu limelegea mpaka limekuwa refu, kama la saa ya miaka miwili. Dada yangu, saa hii inavaliwa kila siku ya Mungu."

Mkasi akashika ukingo wa meza. Darubini hakuona, alikuwa anazungusha kitufe kuirudisha mishale kwenye saa ya watu wote. "Ikirudia tena," akasema, "usiniletee mimi. Mpelekee mwenye mkono."

Mwenye mkono alikuwa kaburini.

Aliitwa Bomba, jina la kazi, kwa kuwa alikuwa mchimba visima. Aliinunua saa ile kwa furaha ya mtoto, akaivaa siku kumi na moja, ya kumi na moja mnyororo wa mtambo ukakatika huko mbali alikokuwa akichimba. Saa ilirudi na nguo zake, haina hata ufa. Mkasi alikuwa ameolewa naye miaka saba, na hakuhitaji kioo cha fundi kuelewa alichoambiwa. Tundu la tatu ndilo Bomba alilofungia. Mikwaruzo ya ubavuni ndiyo saa zake zote zilikuwa nayo, kwa sababu ya mabomba. Na zile saa sita zilikuwa zake kabisa.

Bomba hakupenda saa iseme kitu kingine na yeye aseme kingine. Ikiwa ni saa tatu asubuhi, alitaka mshale uwe kwenye tatu, si kwenye tisa. Saa zake zote alizitega hivyo tangu utotoni, na kazini walimcheka mpaka wakachoka. Hii mpya, Mkasi ndiye aliyemlazimisha aiweke kama watu wengine. "Safari hii usituaibishe," alimwambia. Bomba akatii, shingo upande. Na sasa ndani ya droo, ndani ya soksi, kuna mtu alikuwa ameirudisha alivyoipenda yeye.

Saa ile ilifichwa kwa sababu. Siku Bomba anakufa, mama yake alikuwa amelazwa, moyo umechoka, na daktari alisema wazi kwamba mshtuko mmoja tu ungetosha. Wakamzika Bomba, mama akiwa bado hospitali. Alipotoka, mdogo wake Bomba, aliyebeba msiba ule mabegani pake peke yake, akawakalisha majirani na kuwafunga midomo. Kisha akamwambia Mkasi: "Shemeji, mama akiuliza, kaka yuko kazini mbali, simu inashika Jumapili tu, tena kwa shida. Mama akipata nguvu tutamwambia. Mwaka huu nimeshapoteza mtu mmoja, inatosha." Basi kila Jumapili Mkasi alijifungia uani na simu isiyopigwa, akanawa uso, akarudi na salamu. Amekula vizuri. Huko kumenyesha. Wamepata maji mita themanini.

"Mwambie asilale na nguo mbichi," mama mkwe alikuwa akijibu, macho kwenye shanga za bangili yake ya shaba.

Saa hiyo ingeonekana, uongo wote ungeporomoka, na mama pamoja nao. Mama alishaiona. Bomba alipitia wodini siku ya kusafiri, akamwonyesha: mama, hii inaishi kwa mkono wangu. Mama yeyote angejua maana ya saa hiyo kukaa droo ya chini, bila mkono.

Siku iliyofuata baada ya kwenda kwa Darubini, Mkasi alitoka kazini akaenda moja kwa moja chumbani. Mama mkwe alikuwa kibarazani juu ya kigoda chake, pale pale alipomwacha asubuhi, mwanamke wa kutoka kitandani hadi mlangoni kwa kushika kuta. Mkasi akaivuta droo, akaikung'uta soksi. Saa ikamwangukia kiganjani, ya moto kidogo, inapiga.

Mishale yote miwili ilikuwa inakaribia kumi na mbili. Nje jua lilikuwa linazama. Akiwa bado anaitazama, kwenye kidirisha cha tarehe, kumi na saba ikayumba, ikateleza, ikaja kumi na nane. Bomba alizoea kusema siku huisha jua linapozama, hizo habari za kubadilisha siku watu wakiwa usingizini ni za nani. Mkasi hakuwahi kumuuliza alifundishwa na nani.

"Ni wewe?" akauliza. Aliona aibu kusikia sauti yake. Lakini alisema tena, taratibu zaidi. "Ni wewe, si ndiyo?"

Hofu haikukaa. Wiki ile Mkasi alikata sare mia mbili bila kukosea mstari, na wenzake wakauliza kulikoni, mbona anang'aa. Hakuwaambia kwamba jioni ana mtu wa kuongea naye. Aliikuta saa inakwenda Jumatano, akaikuta inakwenda Alhamisi, na tundu la tatu limeongezeka kidogo. Alimsimulia Bomba habari za kiwandani. Alimwambia alivyokuwa amemkasirikia kwa kufa. Akaacha kuogopa Jumapili, kwa kuwa salamu zilianza kumjia zenyewe, kama zimetumwa kweli.

Alhamisi hiyo hiyo alimpeleka mama kliniki. Daktari alimsikiliza kifua mara mbili. "Huyu mama anafanya mazoezi? Moyo wake umepata nguvu ajabu. Na miguu hii!" Mama akaangalia dirishani. Jioni shemeji akapiga simu. Habari njema zilimfikia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayepanda mlima.

"Basi Jumapili nakuja, shemeji. Tumwambie. Nimeshaandaa maneno."

Mkasi alikaa na simu mkononi baada ya kukatwa. Miezi mitatu alikuwa ameiombea siku hiyo. Sasa akaiogopa, na si kwa ajili ya moyo wa mama tu. Akishaambiwa mama, Bomba atakuwa amekufa kwa kila mtu. Hapatakuwa na nyumba hata moja duniani ambamo bado yuko safarini. Je, saa ingeendelea kwenda?

Ijumaa umeme ulikatika kiwandani saa nane mchana, wakaambiwa waende zao. Mkasi alifika nyumbani jua bado kali. Kigoda cha kibarazani kilikuwa kitupu. Akadhani mama amelala. Akavua viatu asimwamshe, akapita ukumbini kwa nyayo, na hapo ndipo aliposikia hatua chumbani kwake.

Zilikuwa hatua za mtu asiye na haraka. Zilikwenda hadi dirishani, zikageuka, zikarudi hadi kabatini. Zikageuka tena. Mlango ulikuwa umerudishwa. Mkasi alisimama mkono ukiwa hewani, hausukumi wala haurudi. Alijua kabisa kwamba akisukuma, kitu kitakwisha. Kwa muda wa pumzi kumi, labda ishirini, alikuwa na mume nyuma ya mlango, na hakutaka zaidi ya hapo.

"Bomba?" akasema.

Hatua zikasimama.

"Ni mimi, mwanangu," mama mkwe akajibu kutoka ndani. "Ingia tu."

Alikuwa katikati ya chumba, amesimama wima bila kushika ukuta. Saa ilikuwa juu kabisa ya mkono wake wa kushoto, imesukumwa karibu na kiwiko ili isianguke, inagongana na bangili ya shaba. Mkasi aliuona mkono ule mwembamba na kila kitu kikajipanga chenyewe kichwani. Alikasirika. Ilikuwa hasira ya kweli, ya kutaka kupiga kelele, kwa sababu dakika moja iliyopita alikuwa na mumewe, na mama huyu ndiye aliyekuja kumchukua mara ya pili.

"Tangu lini?" akauliza.

"Wiki ya kwanza niliyorudi. Miguu ilikuwa inaona baridi, nikaja kutafuta soksi zake. Nikavuta moja, nikaona nzito." Akaketi ukingoni mwa kitanda. "Mwanangu asingekwenda hata uani bila saa hii."

"Na salamu? Mama, miezi mitatu nakuletea salamu!"

"Nilizipokea. Ulitaka nifanyeje? Ulikuwa unakuja umenawa uso, unaniambia amekula, amelala vizuri. Nikasema, nikimwambia najua, huyu atampeleka wapi mumewe? Nikaona bora akae hapo hapo kwenye mita themanini."

Mkasi akaketi naye. Hasira ilikuwa imemwacha mikono mitupu. Mama aliishusha saa taratibu kuelekea kifundo, akaigeuza juu ione mwanga.

"Niliikuta imesimama," akasema. "Nilipoishika tu, ikaamka. Mtoto wangu sikumwona, sikumgusa, sikumfunika. Hii nikaigusa ikaamka. Ningeiachaje isimame tena? Daktari alisema nitembee, nami nilikuwa sitaki. Ndiyo nikaanza kutembea."

"Na hiyo mishale?"

"Wiki hii nikaikuta imetegwa vibaya, nikairudisha. Nilimfundisha mwenyewe kusoma saa, pale pale mlangoni. Kinachosemwa ndicho kinachoonekana."

Akaivua. Kabla ya kuirudisha kwenye soksi, alipitisha mkanda kwenye bizimu, akauvuta na kuufunga kwenye tundu la tatu, hewani, kuzunguka mkono usiokuwapo. Mkasi alimtazama akifanya hivyo kwa vidole vilivyozoea.

"Mbona unaifungia hapo? Wewe haikukai hapo."

"Ndipo pake," mama akasema.

Hatimaye Mkasi akamweleza kuhusu Jumapili, kwamba shemeji anakuja na maneno ameyaandaa. Mama alifikiri.

"Mwache aje. Mwache aseme yote. Mimi sijalia kwa sauti hata siku moja. Nimelia kwenye mto, usije ukanisikia."

"Na mimi kwenye mto."

"Najua. Ukuta wenyewe mwembamba."

Wakacheka, Mungu awasamehe, mpaka wakashikana.

Jumapili shemeji alifika amevaa shati lililopigwa pasi, dawa za moyo ziko mfukoni, endapo zitahitajika. Hakuwa ametoa chozi tangu msiba, hakuwa na nafasi. Palikuwa na jeneza, palikuwa na mama, palikuwa na mjane wa kaka. Alipiga goti mbele ya kigoda, akayasema maneno yake moja baada ya jingine, bila kuruka. Aliposema neno la mwisho mama akapaza sauti. Ilitoka sauti ya miezi mitatu. Mkasi akaipokea na ya kwake, na majirani waliofungwa midomo wakatoka milangoni mwao.

Shemeji alikuwa ameelekezwa na daktari cha kufanya. Akaukamata mkono wa mama kutafuta mapigo, na vidole vyake vikakuta mkanda wa ngozi. Akaupandisha mkono wa gauni. Mshale ulikuwa kwenye tatu, na ilikuwa saa tatu asubuhi. Aliitazama kwa muda mrefu, yeye naye aliyefundishwa kusoma saa kwenye mlango ule ule.

"Ulikuwa unajua, mama."

"Nilikuwa nakungoja wewe," mama akasema kati ya kwikwi. Akaifungua bizimu, akauchukua mkono wa mwanawe aliyebaki, akamvisha. "Vaa kidogo. Mimi nimechoka kutembea."

Mkanda ukaingia tundu la tatu bila kuvutwa. Mkasi akageuza uso, kisha akaurudisha, kwa kuwa alitaka kuona. Na shemeji, akiwa bado amepiga goti, saa ikipiga mkononi mwake, akaanza kulia.