Dakika Nne za Mzee Wendell

Darlene alimwona Mzee Wendell kwanza, akatamani kujificha nyuma ya mashine ya bisi. Kachelewa.

"Binti mwenye macho makali!" Wendell akaita. "Njoo umsalimie mke wangu. Opal katengeneza nywele kwa ajili yangu. Mara ya mwisho ilikuwa harusi yetu."

"Muongo," Opal akasema. "Hata harusini sikuhangaika hivi."

Ilikuwa Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi wa sinema huko Burbank, siku ambayo waliotengeneza filamu huitazama wenyewe kabla haijatoka. Kazi ya Darlene ilikuwa kuhakikisha hadithi haijipingi. Hii ilikuwa ya shujaa anayerudi nyuma miaka thelathini kuzuia moto kiwandani. Wendell, miaka sabini na tisa, alicheza fundi anayempa shujaa saa ya kumrudisha huko. Dakika nne tu, na hakuwahi kupata nafasi kubwa kuliko hiyo.

Darlene ndiye aliyeliandika kosa: moto ukizuiwa, fundi anabaki kiwandani, hafungui duka lake la saa. Asipofungua duka, saa katoa nani? Akashauri fundi apewe dunia yake ya pembeni, sambamba na hii, ambako moto uliwaka. Wakubwa wakasema dunia zimeshakuwa nyingi mno, wakamkata mzee kwenye filamu. Sasa shujaa anaiokota saa kwenye droo.

Kumpigia mzee simu kumwambia, kila mtu alidhani mwenzake ameshapiga. Darlene alijua hakuna aliyepiga. Mara mbili alishika simu, mara mbili akaenda kuosha vyombo.

"Mzee Wendell, kuna kitu..."

"Usinihadithie! Utaniharibia utamu."

Darlene akakaa nyuma yao. Shujaa alipofungua droo, Wendell alimnong'oneza mkewe, "Bado. Wameniweka mbele huko."

Filamu ikaisha, majina yakaanza kupanda. Opal akashika mkoba, Wendell akamzuia.

"Tulia, mama. Filamu za mashujaa hizi, kitu kitamu huwekwa baada ya majina."

Wakasubiri. Jina la Darlene lilipopita, Wendell aligeuka akampigia makofi kuliko wote. Halafu kikaja kipande cha mwisho: adui anafumbua jicho moja. Taa zikawaka.

"Ulikuwa wapi?" Opal akauliza.

"Labda kwenye dunia ile nyingine." Wendell akacheka, kicheko kikamkatikia njiani.

"Ni mimi," Darlene akasema. "Niliona kosa, nikaliandika. Halafu sikukupigia."

Wendell akamgeukia. "Na bila mimi, umeelewa saa ilifikaje kwenye droo?"

"Hapana."

"Hata mimi." Akavaa koti polepole. "Umeniona mara ngapi kabla sijakatwa?"

"Kama arobaini."

"Opal hajaniona hata moja. Basi mwambie wewe. Nilikuwaje?"

Opal akainua uso. Darlene alikumbuka saa ilikuwa mkono wa kushoto. Alikumbuka shati limekunjwa mikono mara mbili, kikombe kimejaa nusu. Uso wa mzee akautafuta, na sauti yake, asipate. Mara zote arobaini alikuwa akitafuta makosa.

"Hakukosea hata mara moja," akasema.

Opal akawa bado anamtazama, akingoja aendelee.