Skrubu Yenye Ncha

Kazi yangu ni kukagua majengo ya kale katika wilaya yetu na kuandika ni kipi kinachoweza kuguswa na kipi kisichoguswa. Mwezi wa Novemba nililetewa ombi la Bwana Ambrose Tolhurst wa nyumba ya Hallowick, mzee wa miaka themanini na sita. Aliomba ruhusa ya kufunga kiti chenye mota kando ya ngazi kuu, kimpandishe hadi chumbani kwake. Tangu alipovunjika nyonga alikuwa akilala katika chumba cha kulia chakula, chini ya picha kubwa ya ng'ombe aliyewahi kushinda maonyesho.

Reli ya kiti isingeweza kupinda chini ya ngazi bila kukata nguzo ya kwanza. Nguzo hiyo ya mwaloni imechongwa uso wa mtu mwenye ndevu na jicho moja lililofumba. Kama ilichongwa pamoja na ngazi, mwaka 1612, isingekatwa, na Bwana Tolhurst angebaki na ng'ombe wake mpaka mwisho. Kama ilikuwa nakala ya baadaye, ningeweza kukubali.

Hallowick si nyumba moja. Ukumbi wa katikati ni wa mbao, ulijengwa kabla ya mwaka 1500, na masizi ya meko ya wazi bado yameganda kwenye boriti. Mjukuu mmoja wa mjenzi alichoka na moshi, akajenga dohani na kuugawa ukumbi kwa sakafu ya juu. Sakafu ikahitaji ngazi. Karne moja baadaye mwingine aliona haya kuishi katika nyumba ya mbao, akaivalisha uso wa matofali na madirisha marefu. Mawili kati ya hayo ni ya uongo, kwa sababu nyuma yake kuna dohani. Kila kizazi kilibadilisha kitu, kisha kikaapa kwamba hakuna kilichobadilika.

Rosalind, binti wa mzee, alinipokea mlango wa jikoni. Mlango wa mbele hufunguliwa kwa maharusi na majeneza.

"Karibu, Bibi Sproat. Mzee yuko tayari tangu alfajiri. Kavaa na tai."

Bwana Tolhurst alikuwa ameketi chini ya ngazi, fimbo mapajani.

"Rosalind ananiletea kiti cha umeme," aliniambia. "Sijui nimemwua nani."

"Bado hujaniua mimi, Baba, lakini unakaribia."

"Mshike uso, bibie. Kila mgeni humshika. Huyo ni seremala mwenyewe. Kibanzi kilimtoa jicho hapahapa, akajichonga. Nimewasimulia watu habari hii miaka hamsini na miwili."

"Wewe ulisimuliwa na nani?"

"Na babu."

"Na yeye?"

"Babu hakuwa mtu wa kuulizwa maswali."

Nilianza kazi. Ngazi yenyewe haikuwa na shaka: viungo vyake vimeshikwa kwa vigingi vya mti, na kila nguzo ina namba iliyokatwa kwa patasi, ya pili mistari miwili, ya tatu mistari mitatu. Nguzo yenye uso haikuwa na mstari wowote. Nilimwambia.

"Ya kwanza haihitaji namba," alisema. "Kila mtu anaiona kuwa ni ya kwanza."

Niliingia katika kabati lililo chini ya ngazi, nikalala chali na tochi. Mgongo wa nguzo haukuwahi kupigwa randa. Msumeno wa mkono huacha mistari iliyonyooka. Hapa mistari ilikuwa ya upinde, yote ya upinde uleule. Huo ni msumeno wa duara, nao ulifika kwetu zaidi ya miaka mia mbili baada ya 1612.

"Mkono ukichoka hupinda," sauti ya mzee ilisema kutoka nje.

"Baba, unamtetea nani? Ukishinda, unalala na ng'ombe!"

"Natetea ukweli."

"Mbona ombi umeandika wewe?"

Chumba cha juu mzee alikitumia na marehemu mkewe, Cecily, miaka hamsini na minne. Katika ombi lake aliandika sababu moja tu: kwamba kutoka kitandani huonekana bustani ya mipea na, mvua ikikatika, milima ya Wales.

Nilifungua kwa bisibisi skrubu moja iliyoishikilia nguzo, nikatoka nayo. Skrubu za zamani zilikuwa butu. Seremala alitoboa tundu kwanza. Hii ilikuwa na ncha. Niliiweka kiganjani mwake. Aliibonyeza kwa kidole gumba, muda mrefu.

"Inachoma," alisema. "Lakini pengine iliongezwa baadaye, wakati wa matengenezo."

"Hakuna tundu jingine la zamani. Nguzo na skrubu ni za wakati mmoja. Nakadiria miaka ya 1870."

"Na jicho?"

"Kuhusu jicho sijui."

Rosalind alikwenda kuchemsha maji ya chai. Kwa watu wetu hiyo ndiyo njia ya kumwacha mtu peke yake.

"Ningeweza kukuomba uandike 1612," alisema mzee.

"Ningekataa. Na hata ningekubali, ombi lako lingekufa hapohapo."

"Na ukiandika ukweli?"

"Utakuwa chumbani kwako kufikia Februari."

Alinirudishia skrubu. "Andika. Lakini usiandike 'bandia'. Mtu aliyetudanganya vizazi vinne ni fundi."

Niliandika "nakala ya ustadi mkubwa", nikapendekeza ruhusa itolewe, kwa sharti kwamba kipande kitakachokatwa kihifadhiwe ndani ya nyumba.

Nguzo ilikatwa Jumanne moja ya Februari. Ijumaa yake Rosalind alinipigia simu.

"Kiti kinafanya kazi?" nilimwuliza.

"Kimefanya kazi mara moja. Alipanda Jumanne, na hataki kushuka. Chakula nampandishia mimi, kwa miguu. Hivi sheria yenu inasemaje kuhusu kumshusha?"

Nilimwambia kwamba sheria inahusu jengo, pamoja na kila kilichofungwa ndani yake kisichoweza kuondolewa bila kuharibu.

"Basi inamhusu na yeye," alisema, akakata simu.