Milio ya Tobias

Mwaka wa 2004 simu ya Nzula ilikuwa na tabia moja iliyomnyima mumewe, Nzomo, amani. Kila ikifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ililia mara moja ikanyamaza. Siku nyingine mara mbili. Nzula hakuipokea kamwe. Aliitazama tu, akajifunga leso, akaenda kwenye banda la kuku nyuma ya nyumba yao ya Mutuini.

"Nani huyo?" Nzomo aliuliza.

"Mteja, Baba Mbithe."

"Mteja gani asiyesema anachotaka?"

"Ameshasema."

Jibu hilo lilimkwama Nzomo kooni kama mwiba wa samaki. Alikuwa fundi viatu kule Waithaka, na kutwa nzima mkono ukishona soli, moyo ulishona mengine. Alikuwa ameliona jina kwenye kioo cha simu: Tobias. Na mkewe alipeleka mayai Lavington, kwenye nyumba za kuta ndefu, ambako mtu akishaingia langoni haonekani tena. Basi Tobias akawa mrefu. Akawa na meno meupe. Kufikia wiki ya pili alikuwa na gari.

Asubuhi moja simu ililia Nzula akiwa anaoga. Nzomo aliinyakua kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Wewe Tobias! Unataka nini kwa bibi ya mtu?"

Sauti ikapaa. "Umeshika flashi? Kwani wewe umetoka wapi? Nani hushika flashi? Flashi huachwa ilie ikatike!"

"Jibu swali!"

"Nataka mayai, mzee! Nikipiga moja ni trei moja, nikipiga mbili ni trei mbili. Mimi ni mpishi wa watu, na sasa umenimalizia kredo. Mwambie mama nitanunua kwa mwingine, asiyewekewa askari wa simu!"

Ikakatika. Nzula alikuwa mlangoni, maji yakimchuruzika shingoni. Alikuwa amesikia yote, na hakufoka. Hapo ndipo Nzomo alipoogopa.

Tobias ndiye aliyemletea Nzula wapishi wote wa Lavington, na wote waliondoka naye. Siku tatu simu haikulia. Trei zilijaa mezani, wakawa wanakula wakipakata sahani magotini.

Siku ya nne Nzula alirudi na kalamu ya wino mzito. Kwenye kila trei aliandika: *Mayai ya kienyeji. Flashi Nzula, atakupigia.* Chini yake, namba yake.

"Namba yako iende kwa watu usiowajua?"

"Ulinifukuzia Tobias mmoja," alisema bila kuinua kichwa. "Mimi natafuta mia. Na ole wako ushike tena."

Trei zikaenda kwenye mikahawa ya River Road, na kutoka hapo zikaenda zilikojua zenyewe. Ijumaa simu ikaamka. Namba zisizo na majina, asubuhi, mchana, jioni. Nzomo alificha mikono kwapani isije ikamponza.

Nzula aliwapigia mmoja mmoja. "Haloo, umeniflashi? Ndiyo, ni mimi mwenyewe." Sauti ilikuwa laini, ya kubembeleza, sauti ambayo Nzomo hakuwa ameisikia tangu siku za uchumba. Kisha akacheka kitu alichoambiwa huko.

Wivu ulimpanda Nzomo mpaka masikioni. Alivuta trei tupu, akapiga magoti kando ya kikapu cha mayai, akauliza swali pekee lililobaki halali kwake:

"Trei ngapi?"