Ulimi wa Kupimia Sabuni

Mama mkwe wangu hana mizani. Anayo sufuria kubwa iliyopauka, mwiko wa mbao uliomegeka ncha, na ulimi wake. Anamimina mafuta ya nazi na ya mawese kwa kukadiria, anatia kostiki, yale magadi makali yanayogeuza mafuta kuwa sabuni, nayo pia kwa kukadiria, kisha anapika na kukoroga mpaka uji wake unakuwa mzito. Hapo anachota kidogo, anangoja kipoe, anakigusisha ncha ya ulimi. Kikimchoma, kostiki imezidi. Anaongeza mafuta na kupika tena. Kisipomchoma anasema, "Imetulia," nasi tunaleta fremu za kumiminia.

Nilipoolewa nilicheka sana. Nilishaona watu wakionja mchuzi, sikuwa nimeona mtu akionja sabuni. Mume wangu aliniambia nicheke polepole, maana ulimi huo ndio uliomsomesha. Mtaani walikuwa na utani wao, kwamba mama yule ulimi wake ni mkali kwa watu na kwa sabuni, na heri uwe wewe sabuni. Mimi niliyekaa naye nyumba moja nilijua kwamba utani huo haukutoka hewani.

Lakini kazi yake ilikuwa safi, hilo siwezi kumnyima. Sabuni za mchaichai, sabuni za karafuu, mafuta ya kujipaka yenye nta ya nyuki ambayo yalilainisha visigino vilivyoshindikana hospitali. Na katika ukoo wao kulikuwa na jambo moja lisilo na mjadala: hakuna mtoto wa nyumba ile anayeguswa na sabuni ya dukani. Akizaliwa anaogeshwa kwa maji matupu mpaka bibi yake ampikie sabuni yake, isiyo na rangi wala harufu, na bibi mwenyewe ndiye anayemuogesha nayo mara ya kwanza. Mume wangu aliogeshwa hivyo, na dada zake wote. Sasa ilikuwa zamu ya mwanangu, niliyempata baada ya kuulizwa maswali na kila mwenye mdomo.

Shida ilianza na chumvi. Mama alikuwa ameumwa homa iliyomlaza muda mrefu, na alipoinuka akaingia jikoni mwenyewe kutuonyesha kwamba bado yupo. Mume wangu alionja tonge moja akaisukuma sahani.

"Mama, leo umetukusudia nini?"

"Mkeo amekudekeza," Mama akajibu, akaendelea kula chake mpaka akafuta sahani.

Siku nyingine nikamkuta anakunywa maziwa yaliyochacha, mabonge yanaelea juu, naye ametulia tuli. Nilipomwambia, aliyatazama kwanza, ndipo akakunja uso na kuyamwaga. Kule kutazama kwanza kulinitia wasiwasi. Mtu mwenye maziwa mabovu mdomoni hahitaji macho.

Nilimweleza mume wangu. "Uzee huo," akasema. "Na wewe usianze." Ukiwa mke wa mtu kwenye nyumba ya mama yake, leo ukisema mama hasikii ladha, kesho utaambiwa umesema chakula chake hakiliki, na keshokutwa utakuwa umemfukuza kwa mwanawe.

Kisha akaja fundi cherehani, mteja wa tangu zamani, akasimama mlangoni na kutunyooshea mikono. Viganja vilikuwa vyekundu na ngozi inabanduka vidoleni.

"Mama, sabuni ya safari hii ina hasira," alisema, akicheka ili asionekane analalamika. "Hata uzi unanikwaruza."

"Ni hivyo vitambaa vyenu vya siku hizi, vina madawa. Sabuni niliionja mwenyewe."

Fundi, yeye mwenye vidonda, ndiye aliyeomba radhi. Akaondoka na kipande kingine cha sufuria ileile alichopewa cha bure, amekishika kwa heshima kwenye mikono ile. Mimi nilikuwa nimesimama na mtoto begani, jua linawaka, na bado nywele zilinisimama. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Nilimkumbatia mwanangu nikaingia naye ndani.

Wiki hiyohiyo Mama akapika sabuni ya mtoto. Nilijipa kazi ya kukunja nguo mlangoni pa chumba cha nyuma ili nimwone. Akakoroga, akainua kifuniko cha moto kwa mkono mtupu, akachota, akangoja, akagusisha ulimi. Alifumba macho, akasimama hivyo, kama mtu aliyesikia hatua nje ya nyumba. Akaonja tena. Akaonja na mara nyingine, safari hii kwa ulimi wote. Ndipo nikaona kwamba anaogopa, na mimi nikaogopa zaidi yake, kwa sababu sikuwahi kumwona mama yule akiogopa kitu.

"Imetulia," akasema, akiiambia sufuria.

Vipande vilipokatwa alivifungia kabatini mwake vikauke, ufunguo akauvaa shingoni. Nilijaribu kuuomba kwa kisingizio cha mafuta ya kujipaka. Akanichotea mafuta yeye mwenyewe, akafunga tena. Kila asubuhi aliuliza kama mjukuu wake amelala vizuri, na kila alipouliza nilimkaza mtoto kifuani.

Asubuhi moja mume wangu alipokwisha kwenda kazini, nikatoka kuanua nepi. Kurudi ndani, namkuta Mama ameketi kwenye kigoda katikati ya chumba, beseni la maji mbele yake, mwanangu uchi mapajani, kichwa kimelala kwenye kiwiko chake cha kushoto. Kwenye kisahani kilikuwa kipande cha sabuni, cheupe, laini, kizuri kuliko vyote alivyowahi kukata.

"Leo ndiyo leo," alisema. "Nisogezee hiyo."

Nilikichukua kisahani. Nikampa mgongo, nikaiweka sabuni kwenye ulimi.

Ilinichoma kama waya wa umeme. Mate yalinijaa, macho yakanitoka machozi, nikakimbilia dirishani kutema, na niliporudi ulimi bado ulikuwa unawaka.

"Unafanya nini?"

"Naonja, Mama."

"Kazi yangu haijawahi kuonjwa na mtu."

"Inachoma," nikasema. "Inachoma vibaya, na haitamgusa mwanangu. Unitukane utakavyo, mwite mwanao aje anifukuze, lakini haitamgusa."

Nilijiweka tayari kwa ulimi wake ule mwingine, ule wanaouogopa mtaani. Haukuja. Mama alitazama sabuni mkononi mwangu, kisha akaunyoosha mkono wake wa kulia juu ya beseni, mbali na mtoto.

"Nipake mimi," alisema. "Paka na usugue."

"Mama, si lazima."

"Paka."

Niliilowesha nikamsugua kuanzia kwenye kifundo cha mkono kwenda juu. Povu likasimama, zito na zuri. Tukangoja. Mtoto alikuwa anarusha miguu na kujichekea, hajui lolote. Vidole vyangu vikaanza kuwasha, kisha kuuma, nikavitumbukiza kwenye maji na kuvisuuza. Mama hakuutoa mkono wake. Ngozi chini ya povu ikapata rangi taratibu, ikawa nyekundu, ikaanza kuvimba kingo.

"Umepaka vizuri?" akauliza.

"Nimepaka, Mama. Tazama."

Akatazama. Nikamshika mkono ili nimwoshe, nikaugeuza, na hapo nikaona kile ambacho macho yangu yalikuwa yamekipita siku zote hizo: malengelenge kwenye ncha za vidole, mapya juu ya makavu, na kwenye kiganja alama iliyonyooka ya ukingo wa kifuniko. Niliyabonyeza malengelenge yale kidogo, bila kukusudia. Hata kope hakupepesa.

"Hapo umenigusa?" akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua.

Alikuwa ameacha kunitazama mimi. Alikuwa anautazama mkono wake wa kushoto, ule uliombeba mwanangu, anautazama kwa makini na hausogezi hata kidogo.

"Mchukue mtoto," alisema polepole. "Mchukue sasa hivi, mwanangu. Namwona tu. Sijui kama nimemshika."