Kamba ya Upande wa Pili

Walimwita Mwenyewe, kwa sababu kazi yoyote ile jibu lake lilikuwa hilo hilo: "Acha, nitafanya mwenyewe." Choo alichimba mwenyewe. Jino aling'oa mwenyewe, na kwa koleo. Sasa ghala la marehemu baba yake lilikuwa linavuja, mahindi yamejaa ndani, mawingu yanajikusanya, naye mzee mzima na kitambi chake anataka kupanda paa.

"Hupandi bila mtu wa chini," mkewe alisema, akaificha ngazi mpaka mtu huyo apatikane. Na mtu aliyempata, jamani, alikuwa mdogo wake Mwenyewe, yule yule ambaye hakuwa akisalimiana naye tangu kikao cha ukoo.

Ghala lilikuwa la ndugu hao wawili. Mdogo alitaka libomolewe lijengwe jipya, la chini. Alisimama mbele ya shangazi wote akasema, "Ghala hili litakuja kuua mtu." Maneno yale yalimkwama Mwenyewe kooni, hayakushuka wala hayakutoka. Litaua nani, kama si anayelipanda? Na huyo akifa, ghala linabaki la nani? Hesabu hiyo haihitaji shule.

Sasa huyo hapo, anatabasamu, kamba mpya begani.

"Shikamoo kaka. Nimekuja kukushikia kamba."

"Marahaba. Kamba ya nani hiyo?"

"Yangu. Ile yako panya wameitafuna."

Mwenyewe aliipokea akaikagua shibiri kwa shibiri. Aliivuta, akaikanyaga, akaing'ata. Hakuona kasoro, na hapo ndipo shaka ilipozidi. Tangu lini mtu asiyekusalimia akakuletea kitu kizima?

Lakini mvua haingoji watu wapatane. Paa lile lilikuwa refu, lenye mteremko mkali huku na kule, na namna ya kulipanda alifundishwa na baba yake. Subiri umande ukauke, maana bati lenye umande ni sabuni. Funga ngazi isicheze. Kanyaga penye mstari wa misumari tu, chini yake ndiko kuna mbao. Na kamba ya kiunoni ivuke kilele ikafungwe upande wa pili, ili ukiteleza huku, ikushikilie kutoka kule. Upande wa pili kulikuwa na nguzo. Mwenyewe aliichimbia kwa mikono yake; fundi alipomwambia aipake oili chafu kwanza, alimfukuza. Nguzo aliiamini kabisa. Asiyemwamini ni mfungaji, kwa kuwa ukiwa huku, kule huoni.

"Umefunga?" alipaza sauti kutoka juu.

"Nimefunga, kaka!"

Akatambaa kwenye ubao alioutundika kileleni kwa kulabu, akang'oa bati la kwanza lililoliwa na kutu. Mara kule upande wa pili, kra! Kamba ikalegea, moyo ukampiga paa, kisha kamba ikakazika tena.

"Nini hiyo?"

"Hakuna kitu." Sauti ilikuwa imebanwa. "Kaka, hebu shuka kidogo tupumzike."

Tupumzike! Kazi yenyewe ndiyo kwanza imeanza! Mwenyewe alijua kuwa watu wengi huanguka wakati wa kushuka. Anamwita ashuke ili iweje?

"Sishuki!"

"Basi usiende haraka. Tafadhali."

Tafadhali! Tangu azaliwe, mdogo wake hakuwahi kumwambia tafadhali. Hofu ikamkamata Mwenyewe waziwazi, akawa anapigilia misumari huku akili iko kiunoni. Ndipo akagundua jambo lililomtoa jasho jembamba. Kamba ilikuwa inapumua. Inalegea kidogo, inakazika, inatetemeka, inalegea tena. Kamba iliyofungwa kwenye nguzo haipumui.

Ameifungua, aliwaza. Ameishika mkononi, anasubiri niteleze tu aiachie. Na msibani atalia kuliko wote, mnafiki huyo! Kikulacho ki nguoni mwako.

Akaamua kumfumania. Alifungua fundo kiunoni taratibu, akaishika ncha kwa mkono mmoja, akatambaa kuelekea kileleni achungulie. Kiganja kilikuwa kimelowa jasho. Ncha ikamponyoka, ikaruka kilele, ikaenda zake.

"Kaka!"

Mwenyewe alikumbatia kilele akachungulia. Nguzo yake ilikuwa imelala chini, imekatika pale inapoingia ardhini, ndani yote mchwa. Mdogo wake alikuwa chali kwenye vumbi, kamba imefungwa kiunoni mwake. Visigino vyake vilikuwa vimechimba mashimo mawili kwenye udongo kando ya msingi wa ghala, pale alipokuwa amejikita akimshikilia kwa mwili wake.

Hakutazama juu. Aliinuka akakimbia, akalizunguka ghala mpaka upande wa huku, kamba ikiburuzika nyuma yake, akaanza kupekua majani chini ya ukuta akitafuta mwili.

"Kaka! Nimekuachia, kaka! Nimekuua!"

Mwenyewe alimtazama kutoka juu. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani, na haikuwa na pa kujificha juu ya bati lile.

"Niko juu," akasema mwishowe.

Mdogo wake akainua uso, akakaa chini puu! Alipopata pumzi, hasira zikampanda.

"Nani kafungua kamba?"

"Mimi mwenyewe."

"Kwa nini?"

Mwenyewe akamgeuzia swali. "Na wewe mbona hukuniambia nguzo imekatika?"

"Nguzo yako wewe? Ungebisha. Ungebisha mpaka uanguke!"

Kweli tupu. Mdogo akarudi upande wa pili akichechemea, akafunga jiwe kwenye ncha, akairusha mpaka kaka yake akaidaka. Mwenyewe akaizungusha kiunoni, akafunga fundo.

"Umefunga?" sauti ya chini ikauliza.

"Nimefunga."

"Vuta, nione."

Akavuta. Kule chini mtu akavuta pia, kwa nguvu. Mwenyewe akaanza kushuka polepole, mahindi na mvua vyote kavisahau. Kamba ilikuwa inapumua, naye aliisikiliza pumzi hiyo mpaka miguu yake ikagusa ardhi.